Springi ilikatika kesho yake mtihani

Watu wakisikia nilisoma muziki chuo wanadhani tulikua tunaimba kwaya tu. Mimi nilisomea fluti, ile filimbi ya chuma ya kulaza, na yenyewe haikua yangu, ilikua ya idara, kuukuu, rangi ya fedha imeshatoka pale vidole vinaposhika, tunaipokezana mimi na wenzangu.

Sasa mwaka wa tatu, kesho yake asubuhi nina mtihani wa kupiga, niko kwenye chumba cha mazoezi na Partita (mkusanyo wa vipande vya dansi) ya Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani, ile ya skeli ya A maina, fluti peke yake bila piano, na ile sehemu ya kwanza noti zinafuatana mfululizo hujui hata uvute pumzi wapi. Mara nikasikia tik. Nikipiga A inatoka, B inatoka, nikishuka G inatoka G shapu, yaani nusu hatua juu yake, nikienda chini zaidi ni hewa tupu. Kugeuza kuangalia, springi ya kitufe cha G shapu imekatika. Hiyo springi ndio inakibana kitufe kizibe tundu mpaka wewe ukibonyeze na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ikikatika kitufe kinaning'inia tu. Na A maina inaitegemea sana G shapu, bila hiyo utaipiga vipi jamani?

Pale idarani wakaniambia spea inatoka nje, nisubiri. Nisubiri nini na mtihani ni kesho! Mwenzangu mmoja akanifungia rababendi, ikakaza kweli, lakini kitufe kikawa kigumu kidole kinachelewa.

Nikapanda matatu mpaka tao, River Road pale Nairobi, kwa mzee mmoja fundi wa saa, kibanda chake kimebanwa katikati ya duka la simu na ngazi. Nikamwamkia, akaipokea akaiangalia na ile lensi yake ya jichoni kimya weee, halafu akachomoa kile kipande kilichobaki na kikoleo.

"Kijana, hii ni sindano tu."

Akatoa sindano ya kushonea. Nikafurahi, akanikatiza, eti ikiwekwa hivyo hivyo itavunjika, lazima ipikwe kwanza. Akaishika juu ya taa ya spiriti, ikaanza kuwa njano, ikaenda kahawia, zambarau, na ilipogeuka buluu tu akaitoa hapo hapo. Akaikata, akaikunja kidogo, akaipachika.

"Haya piga tusikie kama imepona."

Nikapiga Bach pale pale kibandani. Makanga wakaja kuchungulia, mmoja akasema hiyo haina dansi, basi nikawapigia wimbo wa kwetu Kwale ambao babu anaupiga na chivoti, ile filimbi yetu ya kulaza ya matundu sita, isiyo na springi hata moja ya kukusumbua. Hapo ndio wakachangamka. Mzee akataka mia mbili, nikampa na asante nyingi.

Kwenye mtihani walimu wakaandika eti napumua mahali pasipofaa. Mpaka leo sikubaliani nao, mahali penyewe Bach hakuacha. G shapu hawakuitaja kabisa. Spea ilifika nishamaliza chuo, na dada aliyerithi ile fluti akaniambia amekataa isiguswe, sindano ya River Road bado inabana vizuri tu.