Nilivyoacha Viazi: Osmosisi kwa Kitunguu Chekundu

Kila niliyemwomba ushauri wa kufundisha osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea upande wenye sukari au chumvi nyingi zaidi, katika kidato cha pili alinijibu kwa neno moja tu, kiazi. Mwezeshaji wa semina alisema kiazi, walimu wa shule jirani walisema kiazi, na kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa na mchoro wa kiazi kilichochimbwa shimo katikati, kikiwa ndani ya sahani ya maji na shimo lake limetiwa sukari. Ninafundisha baiolojia katika shule ya kata iliyo karibu na bahari, yenye hadubini moja na madarasa ya wanafunzi zaidi ya 70, na ninaandika haya kwa sababu nimechoka kuona walimu wapya wakipewa ushauri uleule ulioniaibisha mimi.

Wanaosifu kiazi huwa hawasimulii sehemu inayofuata. Unachukua viazi viwili, kimoja kibichi na kingine kilichochemshwa, unavitia sukari na kuviweka katika maji. Kinachotarajiwa ni kwamba katika kiazi kibichi, ambacho utando wa seli zake bado ni mzima, maji yatapenya kutoka kwenye sahani kuelekea kwenye shimo lenye sukari, ilhali katika kile kilichochemshwa, ambacho utando wake umeharibiwa na joto, shimo litabaki kavu. Matokeo ya kueleweka huchukua saa kadhaa na kipindi ni dakika 40, kwa hiyo niliviacha maabara hadi siku iliyofuata. Asubuhi tulikuta kiazi kilichochemshwa kimepasuka na kuegemea ukingo wa sahani, na sisimizi wamekigeuza daraja la kuvukia maji ili waifikie sukari. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba sukari ya kiazi hicho nayo ilikuwa imelowa na kugeuka shira, pungufu kidogo tu ya ile ya kiazi kibichi, na binti mmoja wa safu ya mbele aliuliza kwa adabu kabisa, “Mwalimu, ikiwa hata kilichokufa kimejaa maji, huo utando unafanya kazi gani?” Nilimweleza kwamba sukari ilikuwa imevuta unyevu wa nyama ya kiazi na maji yaliyopita kwenye nyufa, jambo ambalo ni kweli, lakini darasa lilikuwa limekwisha kutoa hukumu yake.

Baada ya kiazi nilishauriwa yai. Unaliloweka katika siki hadi ganda liyeyuke, unalihamishia katika maji linavimba, unalitia katika shira linanywea. Ni onyesho la kupendeza na wanafunzi hulifurahia, ila anayewaambia kwamba ngozi ile laini ndiyo utando wa seli anawapotosha, kwa sababu ngozi ile ni tabaka za nyuzi za protini zilizo chini ya ganda, na seli yenyewe ni ule ute wa njano ulio ndani kabisa. Mimi nilitaka wanafunzi waone seli moja, iliyo hai, ikipoteza maji mbele ya macho yao, kisha ikiyarudisha.

Kwa kitunguu pia nilianza na ushauri mbovu. Vitabu husema uchune ngozi ya ndani ya ganda la kitunguu kwa kuwa inachunika kwa urahisi. Inachunika kweli, lakini haina rangi, na seli isiyo na rangi inaponywea, mwanafunzi anayechungulia hadubini kwa mara ya kwanza haoni tofauti yoyote na hukubali tu ili foleni isogee. Rangi iko upande wa nje. Katika kitunguu chekundu, na vile vya Mang'ola vinafaa sana, zambarau ile imo ndani ya vakuoli, yaani vifuko vya maji vilivyo ndani ya seli, za seli za ngozi ya nje ya ganda lenye nyama. Maganda makavu ya juu kabisa hayafai kitu, kwa sababu seli zake zimekufa. Ngozi ya nje ni bishi, nayo ina ujanja wake: chora mstari mwepesi kwa wembe upande wa ndani wa ganda, kisha livunje kwa kulikunja kuelekea nje, nyama ikatike huku ngozi ya zambarau ikibaki inaning'inia, uivute taratibu. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kinatosha. Kikibaki na nyama nyingi nyuma yake kitupe, uchune kingine, maana kitunguu ni bei ya kutupa.

Hadubini moja kwa watu zaidi ya 70 ni kichekesho, na hapa ndipo ninapojisifu bila haya. Nilikwenda kwa fundi redio wa sokoni nikamwomba lenzi ya deki ya DVD iliyokufa, ile ndogo inayosoma diski. Alinitazama kwa huruma, akasema, “Mwalimu, deki hii haiponi,” nikamjibu kwamba nataka jicho lake tu, akanitoza bei ya soda. Lenzi hiyo niliibana kwenye kibanio cha nywele na kukigandisha kwa seloteipu juu ya kamera ya simu yangu. Simu nililaza juu ya marundo mawili ya madaftari, kamera ikitazama chini. Katikati ya marundo niliweka simu ya pili iliyowashwa tochi, juu yake karatasi nyeupe ya kulainisha mwanga, na juu ya karatasi slaidi, kile kipande cha kioo cha hadubini, yenye ngozi ya kitunguu. Lenzi hii huona vizuri kwa umbali wa milimita chache tu, kwa hiyo picha husafishwa kwa kuongeza au kupunguza karatasi chini ya simu ya pili, moja moja, kwa subira. Ilipokaa sawa, seli za zambarau zilijaa kioo kizima cha simu na kundi zima la wanafunzi likaziona kwa pamoja. Angalia tu maji yasiguse lenzi.

Maji ya chumvi ni kijiko cha chai kilichojaa katika nusu glasi ya maji. Usizidishe hadi chumvi igome kuyeyuka, kwa sababu seli zitakufa na hazitarudi katika hali yake. Tone huwekwa ukingoni mwa kifuniko cha slaidi, na kipande cha tishu huvuta maji ya zamani upande wa pili. Ndani ya dakika chache zambarau inaanza kubanduka kwenye pembe za seli, halafu kwenye kuta, mpaka inabaki fungu dogo lililokolea katikati ya seli, huku ukuta ukiwa umesimama palepale ulipokuwa. Ukivuta maji ya kawaida kwa njia ileile, zambarau inatanuka na kujaza seli upya. Nilipofika hapo darasa lilipiga makofi, na mimi sikuwazuia.

Kisha nilirudi kwenye swali la yule binti. Nilichovya kipande kingine cha ngozi katika maji ya moto kwa muda mfupi, nikakiweka chini ya lenzi, na zambarau ilikuwa imevuja kutoka kwenye seli na kusambaa. Utando umekufa, rangi haina wa kuizuia. Huu ndio ulinganisho ambao kiazi kilichochemshwa kilishindwa kuutoa kwa usiku mzima.

Swali ambalo wengi hulikosa katika mitihani ni hili: kati ya ukuta na fungu lile la zambarau kuna nini? Wanafunzi wangu walijibu hewa, wengine wakasema hakuna kitu. Jibu ni maji ya chumvi, kwa sababu ukuta wa seli hupitisha maji na chumvi bila kizuizi, na anayechagua cha kupita ni utando. Ili wasiliamini kwa mdomo wangu tu, niliyatia maji ya chumvi rangi ya chakula ya buluu hadi yakakolea, na nafasi ile ikaonekana ya buluu huku zambarau ikibaki peke yake katikati. Mbinu hii hakuna semina iliyonifundisha.

Utando wenyewe hawakuuona, na niliwaambia wazi kwamba hawatauona hata kwa hadubini bora ya mwanga. Unene wake ni nanomita 7 hadi 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ilhali hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, kwa hiyo mstari mweusi ambao wengi huuandikia “utando” kwenye michoro yao ya kitunguu ni ukuta. Mwanabotania Mholanzi Hugo de Vries alipima nguvu ya osmosisi kwa njia hiihii ya kuzifanya seli zinywee mnamo 1884, akitumia mmea wenye majani ya zambarau upande wa chini ambao siku hizi hupandwa katika bustani nyingi, na picha za kueleweka za utando kwa hadubini ya elektroni zilikuja miaka ya 1950. Wanasayansi waliujua utando kwa kazi unayofanya kabla ya kuuona, na hivyo ndivyo wanafunzi wangu walivyoujua.

Mmoja wao aliuliza maji yanapitaje kwenye utando wa mafuta, na nilifurahi mno kwa sababu ni swali la watu wazima. Maji kiasi hupenya polepole katikati ya mafuta hayo, lakini mengi katika seli nyingi hupita kwenye mirija midogo ya protini iitwayo akwaporini, ambayo mwanasayansi Mmarekani Peter Agre na wenzake waliithibitisha mwaka 1992, naye akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2003.

Usafirishaji amilifu, ambao seli hulipia kwa nishati, kitunguu changu hakiuonyeshi. Hapo mimi hutumia chaki na kaa wa baharini, kwa kuwa mwanasayansi wa Denmark Jens Skou alitumia neva za miguu ya kaa katika utafiti wake wa 1957 alipogundua kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi kama pampu, kinachotoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2, na watoto wa pwani hawahitaji kuchorewa kaa. Pampu yenyewe bado naichora ubaoni, na mwenye namna ya kuionyesha kwa vitu vya sokoni ninamwomba aniandikie, mradi asiniambie nitumie kiazi.