Mchuzi wa Siku ya Posa

Juzi Dada katuma picha kwenye grupu la familia: mjukuu wake kalala kifudifudi juu ya zulia, na karibu na kisigino chake kuna kivuli cha njano. Binamu wa Dar akauliza, "Hilo doa nalo?" Watu wote kimya. Mama akaweka kijisura cha kucheka, basi.

Siku Dada alipoposwa, wageni walitoka Pangani. Zulia jeupe la maziwa Mjomba alilileta kutoka Maskati, na Mama alilifunika shuka miezi na miezi hadi siku ile ya posa. Maneno hayakuwa marefu. Mshenga akasema yake, Baba Mdogo akajibu, kikaletwa chakula.

Mzee mmoja wa upande wa mume akanyoosha mkono kuchukua kachumbari. Ukingo wa mkono wa kanzu ukanasa bakuli la mchuzi wa kuku. Halikupinduka. Liliinama kidogo, mchuzi ukateremka pole pole, na safu yote ya mafuta ya juu, yale ya njano yenye manjano na vitunguu vilivyoiva, ikatua kwenye zulia. Kwa muda mafuta yalikaa juu ya manyoya, yanang'aa. Kisha ukingo wake ukaanza kuzama.

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kunawisha, taulo begani. Nikainama. Pazia la ukumbini likacheza, nikaona jicho moja tu la Mama na kidole chake kimoja. Kidole kilisema hapana.

"Niwieni radhi, jamani."

"Hapana neno, mzee wetu," akasema Baba Mdogo. "Hiyo neema."

Wakaendelea kula. Mama anayajua mafuta. Kapika shughuli nusu ya mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga. Yakiwa bado juu, unamwaga unga mkavu au poda yakafyonzwa; ukichelewa yanashuka hadi kwenye mashina ya nyuzi. Sasa nani amwage unga kwenye miguu ya mkwe? Eti Tanga ndiyo waja leo waondoka leo. Wageni wale walikaa hadi adhana ya alasiri, na mzee akaomba kahawa mara ya pili.

Walipotoka tu, Mama hakungoja hata kuvua ushungi. Akachota mchuzi uliobaki kwa kijiko, akamwaga poda ya mtoto, ikageuka njano, akaifagia, akamwaga nyingine. Baadaye sabuni ya maji kidogo kwenye maji ya uvuguvugu na kitambaa cheupe, anagandamiza kutoka ukingoni kwenda katikati. Kusugua alikataza kabisa, doa lingetanuka na manyoya yangesambaratika. Mafuta yakatoka, kusema haki. Ukipitisha kiganja hapakuwa na utelezi.

Ila njano ilibaki. Jirani yetu, mwenye nia njema na haraka, akaja na kipande cha sabuni ya mche, akapaka kabla hajazuiwa. Doa likawa jekundu! Dada akaangua kilio, akidhani ni nuksi ya ndoa. Waliowahi kufua kanga za singo, ile ya manjano anayosuguliwa bibi harusi, wanalijua hili: manjano ikikutana na sabuni kali hubadilika rangi. Mama akasuuza kwa maji yenye siki kidogo, njano ikarudi, na zulia likaanikwa uani juani siku kadhaa. Jua hupausha manjano kuliko dawa nyingi za dukani. Halikuisha lote.

Niliwahi kumuuliza Mama kama asingefanya haraka zaidi kama mgeni angekuwa mwingine. Akaniambia nikachote maji.

Siku ya kuleta mahari, chini ya doti za kanga kulikuwa na pakiti za sabuni ya unga, kubwa, na hazikuwa kwenye orodha. Mama alisema ni desturi ya watu wa Pangani. Nimeuliza watu wa Pangani, hawaijui.