Gombe, Kisiwa Kilichoshikamana na Bara

Hakuna barabara inayofika Gombe, hifadhi ya sokwe magharibi mwa Tanzania. Anayetaka kwenda hushuka hadi Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, akapanda boti ya abiria pamoja na magunia, kreti za soda na akina mama wanaorudi Mwamgongo, kisha akasubiri nahodha aridhike kwamba chombo kimejaa, jambo ambalo abiria huwa wameshaliona mapema zaidi kuliko yeye. Ni kama kilomita 16 tu, lakini kwa mwendo ule nilipata wasaa wa kuitazama milima vizuri: vijiji vilivyobanana ukingoni, mihogo na michikichi iliyopanda miteremko, halafu ghafla msitu. Mpaka wa hifadhi hauhitaji kibao.

Ndiyo maana naiita kisiwa. Mbele yake ni Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470. Nyuma na pembeni ni mashamba na makazi ya watu. Katikati umebaki msitu mdogo, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ambao sokwe wake wakitaka kuhama hawana pa kwenda.

Ufukwe wa Kasekela una mchanga na kokoto, na maji yake ni maangavu kiasi cha kuwaona samaki wadogo wakizunguka mawe. Nyani jike mwenye mtoto mgongoni alipita karibu yangu akigeuza kokoto moja baada ya nyingine, wala hakunijali. Mwongozaji alikuwa ameshatuonya tusishike chakula mkononi.

Njia ya kwenda maporomoko ya Kakombe hufuata kijito chini ya miti mikubwa, na sauti ya maji hukufikia mapema kuliko maji yenyewe, ambayo huteremka kutoka kwenye ufa mwembamba wa jabali na kulowesha mimea yote iliyo jirani. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960, alieleza jinsi sokwe dume wanavyoyumba mbele ya maporomoko, wakining'inia kwenye mitambaazi na kurusha mawe, kisha baadhi yao huketi wakiyatazama maji. Alihisi kwamba huenda wanastaajabu. Wapo watakaosema ni majigambo tu ya madume. Mimi, niliyesimama pale nimelowa uso na nisitake kuondoka, naegemea upande wake.

Katika safari ya kurudi, mama mmoja aliniuliza kama niliwaona sokwe. Nilimjibu kwamba niliwasikia tu, wakipiga kelele ng'ambo ya bonde. Alicheka. "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapo jirani na sijawahi kupanda kwenda kuwatazama. Safari hizo ni zenu ninyi wa mjini."