Zege Halilali, Mwanafunzi Je?

Nilipoanza uzamili wa uhandisi ujenzi hapa Dar es Salaam, nilidhani ni shahada ya kwanza iliyorefushwa. Nilikuwa nimeajiriwa saiti, nikachukua masomo ya jioni. Mihula miwili ya darasani ilipita kwa daladala na usingizi. Sina zaidi la kusimulia hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa tasnifu. Mada: kupunguza saruji kwenye zege na kuweka majivu ya pumba za mpunga badala yake. Pumba nilipata magunia manne kutoka Ifakara, nikazichoma kwenye pipa nyuma ya nyumba, mama mwenye nyumba akauliza kama nimeanza uganga. Majivu yakatoka meusi. Msimamizi akayasugua kidoleni, akasema, “Haya masizi, kijana. Kachome tena.” Weusi ule ni kaboni isiyoungua. Nao moto ukizidi sana, kupita nyuzi 700 hivi, silika, ile kemikali ya majivu inayofanya kazi ya saruji, inageuka fuwele na inakuwa mvivu kushikana na chokaa ya saruji. Tanuri lenye kipimajoto lilikuwepo maabara muda wote, sikuuliza tu.

Michanganyiko ilikuwa mitano, kuanzia asilimia 0 hadi 20 ya majivu. Kila mmoja unavunjwa kwa mashine kupima nguvu yake siku ya 7, ya 28 na ya 56, kyubu (vipande vya zege vya mchemraba) tatu kila mara. Hizo ni kyubu 45, sentimita 15 kila upande, kilo nane na kitu kila moja. Zote unazibeba wewe.

Kwa kuwa nilikuwa huru wikendi tu, nilimwaga zege Jumamosi. Jumapili narudi kuzitoa kwenye moldi na kuzizamisha kwenye tangi. Kitu ambacho mhandisi mzima sikukiwaza ni kwamba 7, 28 na 56 zote zinagawanyika kwa saba. Ukimwaga Jumamosi, utavunja Jumamosi, mara tatu, na mashine haiguswi bila fundi wa maabara. Nilipomweleza alicheka: “Mdogo wangu, wewe umeoa zege, mimi nimeoa mke.” Tukaelewana kwamba nampigia Alhamisi, naye anafika saa mbili asubuhi, chai na chapati juu yangu. Ukianza uzamili wa aina hii, mfahamu fundi huyo kabla hujamzoea msimamizi.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Majivu yanakunywa maji, na mchanganyiko wa asilimia 15 ulikuwa mgumu kama ugali wa msibani. Nikaongeza maji kimya kimya ili ushindilike. Maji yakizidi, zege hupungua nguvu. Siku ya 28 mstari wa grafu ya nguvu ukaporomoka pale pale kwenye 15, halafu ukapanda kidogo kwenye 20. Msimamizi aliutazama dakika nzima. “Hapa uliongeza maji?” Kwenye shahada ya kwanza jibu lilikuwepo, kazi yako kulifikia. Huku jibu hata yeye hakuwa nalo, ila uongo aliujua.

Kyubu tisa upya, siku 56 nyingine, na muhula mmoja wa ziada wenye ada yake.

Jumamosi ya mwisho fundi alikuja na mwanawe. Kyubu ya tisa ikalia pa, akanisomea namba, nikaandika. Mtoto akaokota kipande, akauliza kama vingine pia achukue.