Mchicha wa Leicester

Mwezi wa nane hapa Leicester, Uingereza, zukini, zile mboga za jamii ya maboga, hazina thamani. Mmea mmoja ukipata mvua ya kutosha na jua la kubahatisha unatoa tunda kila baada ya siku mbili tatu, na mgeni wa kilimo cha huku hupanda mimea mingi kupita kiasi, kwa sababu mwezi wa tano miche yote inaonekana dhaifu na hujui upi utapona na upi utaliwa na koa. Inapona yote. Ikifika Agosti watu wanapishana njiani kila mmoja na mfuko wake, wakiviziana nani atawahi kumtwika mwenzake. Ukiamka ukakuta mfuko mlangoni usio na jina, ujue ni zukini, na aliyeuacha ameshatokomea.

Nacheka, lakini nina hoja. Niliishi mtaa huu muda mrefu bila kujua jina la mtu tunayetenganishwa naye kwa ukuta mmoja. Kilichonifungulia milango hakikuwa kanisa, wala chama cha Watanzania, wala kazini. Ni mboga zilizonizidi.

Kwa ndugu zangu wasioufahamu utaratibu wenyewe: alotimenti ni kipande cha ardhi, mara nyingi cha halmashauri, unachokikodi kwa mwaka ili ulime mboga na matunda. Kiwanja kizima cha jadi ni kama mita za mraba 250, ingawa siku hizi wengi hupewa nusu. Sheria ya mwaka 1908, ambayo bado inatumika, inazitaka halmashauri nyingi zitoe viwanja pale wakazi wanapovihitaji, na wakazi sita wakiandika kwa pamoja ni lazima ombi lao lizingatiwe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilihimiza watu walime kila penye udongo, hadi handaki la kale linaloizunguka ngome ya Tower of London likapandwa mboga.

Sheria ninayoipenda zaidi ni ya 1922. Hiyo inaeleza kwamba kiwanja ni cha kulimia hasa chakula cha mwenye kiwanja na familia yake. Huwezi kukigeuza genge. Basi mavuno yakizidi yanakwenda wapi? Friji ya Kiingereza ni ndogo, achari ina kikomo, na kutupa chakula ulichokimwagilia miezi mitatu ni kujiumiza roho. Unagawa.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Kule mboga ni biashara: kabichi, karoti na hoho zinashuka milimani kwa malori kwenda Dar es Salaam, na mtoto wa mkulima anajua bei ya gunia kabla hajajua kuzidisha. Kupeana kupo sana, ila hakusubiri mboga. Unapiga hodi, unakaribishwa, unakaa, chai inakuja, na kama kuna ulichokuja kukiomba unakisema mwishoni ukiwa umesimama kuondoka. Huku hodi ya namna hiyo haipo. Mtu hagongi mlango wa jirani bila sababu, na sababu yenyewe iwe nzito. Ukienda mikono mitupu, jirani anafungua nusu ya mlango akidhani umeleta malalamiko kuhusu maegesho ya gari. Ukienda na mfuko wa maharage mabichi, mlango unafunguka wote. Na adabu ya Waingereza, ambayo tunaisema sana, inafanya kazi yake: mtu aliyepokea kitu hawezi kukaa na deni. Wiki ijayo atakuja na chupa ya jemu ya plamu, na wewe sasa ndiye mwenye deni. Tumekwenda hivyo mpaka nikajua nani ana kisukari, nani mtoto wake yuko Australia, na nani haongei na dada yake.

Jirani yangu wa kushoto kule shambani ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, Uganda. Aliniona nikihangaika na koleo la huku, lile la kukanyaga kwa mguu, akaniuliza kwa Kiswahili, “Binti, wewe mtu wa wapi?” Niligeuka kumtafuta aliyesema. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke mwaka 1972, karibu watu 28,000 walikuja Uingereza, na halmashauri ya Leicester ya wakati ule ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwaomba wasije katika mji huu. Walikuja kwa maelfu. Leo mzee analima uwatu, bilinganya, na mung'unye unaotambaa juu ya fremu ya kitanda cha chuma aliyoiokota mwenyewe. Kiswahili chake ni cha dukani na kwenye mashamba ya miwa, hakijali ngeli, na ananikosoa ninaposema haraka. Hakubali nimbebee ndoo ya maji. Uwatu ananipa kila wiki, nitake nisitake.

Mbele yake kuna mama wa Kijamaika. Mchicha wake unafika kifuani, na wao huupika na nyanya, kitunguu na samaki wa chumvi. Upande wa pili ipo familia ya Kibangladeshi yenye mchicha mwekundu. Mimi wangu ni wa kijani, wa nazi. Septemba moja tulileta sufuria tatu kwenye kibanda cha zana, kila nyumba na mchicha wake, mzee wa Jinja akaja na chapati. Wa nazi ulishinda, ingawa jaji ni mimi ninayeandika. Siku ile tulizungumza kuhusu namna ya kuchambua na nani anakata shina na nani analitupa, na mama wa Kijamaika akatuambia ukweli kwamba sisi wote tunaupika mpaka unakufa mara ya pili. Ugomvi wa jikoni ni kipimo kizuri cha kuzoeana. Watu wasiozoeana husifiana tu.

Mnavu ulileta kisa kingine. Mzee mmoja wa Kiingereza, hodari wa liki na viazi, aliniona nikichuma majani akaja mbio akinyoosha mikono: sumu, sumu! Si mjinga. Kuna mmea wa Ulaya wa jamaa hiyohiyo wenye sumu kali, na mnavu-mwitu unaojiotea huku hufundishwa watoto kuuogopa. Hata wetu, matunda yake mabichi si ya kuchezea. Nikamweleza, nikachemsha, nikala mbele yake. Alikaa na mimi mchana wote akisubiri nianguke. Hajaonja mpaka leo, ila akiona mche umejiotea kwake haung'oi kwanza, ananiita niukague.

Lakini kugawana ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni magugu. Nyumba ya Leicester haisemi lolote kuhusu mwenyewe: pazia limefungwa, taa inawaka, hujui kama mtu ni mzima au yuko kitandani siku ya tano. Shamba halifichi. Mtu akikosa wiki mbili mwezi wa sita, majani yanafika magotini na kila apitaye anaona. Kwetu pale kuna bwana alifiwa na mkewe, akaacha kuja. Hakuna aliyeambiwa, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuongea. Tulijua kwa magugu yaliyofunika vitunguu vyake. Halmashauri nayo ina macho: kiwanja kisipolimwa mwenyewe hupata barua ya onyo, na akiendelea ananyang'anywa, maana foleni ya wanaosubiri ni ndefu.

Nilipoliona lile shamba nilijikuta nafikiria msaragambo. Kule kwetu Usambaa na kwa Wapare, kazi ya wote, kama njia au mfereji, wanaitokea wote na majembe yao. Waingereza hawana jina la jambo hilo lakini mikono wanayo. Jumamosi moja tukaingia, tukapalilia, tukafunga nyanya zake kwenye vijiti. Kulikuwa na majadiliano marefu kabla, kama inafaa kuingia kwenye kiwanja cha mtu bila ruhusa. Mwanamke mmoja aliona ni kumdhalilisha, na sidhani alikosea kabisa. Mwenyewe alipokuja alisimama getini, akasema vitunguu tumevipalilia vibaya, akachukua jembe. Sasa anakuja. Bado haongei sana.

Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Wabongo wengi huku wanaijua kazi hiyo, na wanajua kinachokuja baada yake: unatoka asubuhi kila mtu anaingia, unalala wenzako wakiwa macho, na Novemba unaweza kumaliza wiki hujaliona jua. Kabla ya kwenda nyumbani napitia shambani. Kuna siku sifanyi lolote la maana, nageuza mboji tu. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi, Van den Berg na Custers, waliwapa wakulima 30 wa viwanja kama hivi mtihani wa kuwasumbua akili, kisha wengine wakalima kwa dakika 30 na wengine wakakaa ndani wakisoma. Homoni ya msongo, kotisoli, ilishuka kwa makundi yote mawili, ila kwa waliolima ilishuka zaidi. Niliposoma hayo sikushangaa. Kilichonishangaza ni kwamba kusoma nako kulisaidia; kwenye zamu yangu kitabu hunilaza ukurasa wa kwanza.

Serikali ya Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Nilipomsimulia shangazi yangu kwa simu akauliza, “Huyo waziri anapita nyumba kwa nyumba?” Hapiti, shangazi. Ila siku hizi zahanati ya mtaa inaweza kukuelekeza kwa mtu ambaye kazi yake ni kukuunganisha na kikundi, na bustani za jamii ni miongoni mwa sehemu watu wanakopelekwa. Nadhani ni jambo la busara, mradi mtu asipelekwe kama mgonjwa wa kuangaliwa. Mpeni jembe, mwacheni alalamike kuhusu mvua.

Wako wanaosema bustani hizi zitaondoa njaa. Hao hawajawahi kupalilia. Mtandao wa Trussell, wa vituo vya kuwagawia chakula wenye shida, peke yake uligawa vifurushi vya chakula zaidi ya milioni 3 mwaka 2023/24, na nusu kiwanja changu hakiwezi kulisha hata nyumba moja Februari, labda kwa sukuma wiki, ambayo kwa kweli ni miongoni mwa mboga zinazofurahia baridi na huwa tamu zaidi baada ya kupigwa na jalidi. Njaa ya huku ni ya mishahara na kodi za nyumba. Tusiitwike mchicha mzigo huo.

Ninachokubali ni mfano wa Todmorden, mji mdogo wa West Yorkshire wenye watu kama 15,000. Mwaka 2008 Pam Warhurst, Mary Clear na wenzao walianza kupanda chakula penye nafasi ya wazi: mahindi mbele ya kituo cha polisi, viungo kwenye stesheni ya treni, mboga kwenye zahanati, na kila apitaye ruhusa kuchuma. Hawakusubiri kibali wala bajeti. Mtu wa Lushoto anaweza kuuliza mahindi ya mbele ya polisi yanalindwa na nani usiku. Kwao hilo halikuwa swali. Walitaka watu wapate cha kuzungumza wakiwa wamesimama barabarani, na walikipata, mpaka wageni wakaanza kupanda treni kwenda kutazama kabichi.

Kwa mliopo huku mnaotaka kuanza: andikeni jina halmashauri leo, hata kama mnaambiwa foleni ni ya miaka, na wakati mnasubiri tafuteni mwenye kiwanja kizima aliyechoka, wapo wengi, atafurahi mkigawana. Mchicha usiutoe nje kabla ya mwisho wa Mei. Mahindi pandeni kwa pembe nne, si kwa mstari mmoja mrefu, upepo upate kuyachavusha. Mbegu msizitie kwenye mkoba mkitoka likizo Bongo. Bila cheti cha afya ya mimea ni kosa, na zitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Zaidi ya hayo, mbegu za nyumbani hapa huchelewa kukomaa. Za mama wa Kijamaika zimeshaizoea nchi, kwa sababu kila mwaka anaacha mimea inayowahi kuchanua, na shuke moja lina maelfu. Tunazikung'uta Oktoba, kila mtu anaondoka na bahasha. Wa Nottingham ni karibu tu kwa treni, njooni. Mbegu za mnavu pia zipo, ila hizo sikupi bila maelezo.