Nilitaka ufalme, nikapewa ujumbe

Siku orodha ya wahusika wa tamthilia yetu inabandikwa mlangoni mi nilishajigawia nafasi yangu kichwani muda mrefu, Creon, yule mfalme, basi, hamna mwingine. Sauti nzito ninayo, urefu upo, na siku ya majaribio nilifoka mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia kuna ugomvi gani. Nikaanza kusoma kutoka juu. Creon, mtu mwingine. Haemon, mtu mwingine. Tiresias yule nabii kipofu, mtu mwingine. Jina langu nikaja kulikuta huko chini kabisa, Mlinzi, halafu tena pembeni yake limeandikwa Mjumbe. Nikacheka na wenzangu pale lakini kiukweli iliniuma, na nilikaa kama wiki nzima nakwenda mazoezini kama mtu aliyetumwa.

Kwa ambao hawaijui, tamthilia yenyewe ni Antigone ya Sophocles, Mgiriki wa zamani, inakadiriwa ilichezwa Athens mara ya kwanza kama mwaka 441 KK hivi. Ndugu wawili wameuana wakigombea mji wa Thebes, mjomba wao Creon akashika ufalme akatangaza kwamba yule aliyekuja na jeshi la nje, Polynices, asizikwe, aachwe hapohapo aliwe na mbwa na ndege. Dada yao Antigone akakataa, akaenda akamfunika udongo kwa mikono yake, akakamatwa. Creon akamhukumu afungiwe hai ndani ya pango, na ubaya ni kwamba binti mwenyewe ni mchumba wa Haemon, mtoto wa kumzaa huyo huyo Creon. Baadaye Creon anageuza uamuzi, anatoka na watu wake kwenda kumzika maiti na kumtoa binti, ila amechelewa. Ukifika mwisho vifo vimeshafuatana vitatu, na ajabu yake ni kwamba watazamaji hawaoni hata kimoja.

Ndo ilivyokuwa kawaida ya Wagiriki, damu haimwagiki mbele ya watu, inamwagika huko nje halafu anakuja mtu kuwasimulia. Huyo mtu ndo Mjumbe. Hana hata jina. Kwa hiyo kipande kizito kuliko vyote cha tamthilia nzima kiko mdomoni mwa mtu ambaye mwandishi hakuona haja ya kumpa jina, ila hilo mi nilikuja kulielewa baadaye sana, mwanzoni nilichoona ni ukurasa umejaa maneno bila mtu wa kunikatisha, kwenye Kigiriki chenyewe ni mistari zaidi ya 50 mfululizo.

Mlinzi hakunisumbua. Mlinzi ni mtu wa kuchekesha, ametumwa kumwambia mfalme kwamba maiti imeguswa usiku na hamna aliyemwona mhusika, tena wenzake wamepiga kura kura ikamwangukia yeye, sasa anaingia anajieleza jinsi alivyokuwa akitembea anasimama, anatembea anageuka, nafsi inamwambia we mjinga unaenda kujitafutia adhabu, nafsi hiyohiyo inamwambia ukichelewa Creon akasikia kwa mwingine si ndo utaipata zaidi. Nani hajawahi kuwa hivyo? Siku ya tatu nilishakuwa nayo yote, na wenzangu walikuwa wanacheka kweli si kwa kunisaidia.

Shida ni Mjumbe. Kwanza kukariri. Nilianza kama ninavyokariri vitu vya mtihani, nasoma mstari nafumba macho narudia, naongeza mwingine, na kila mara nilikuwa nakatikia palepale, wanapotoka kuzika maiti kwenda pangoni. Naweza kurudia mara kumi, nikifika pale kichwa cheupe. Kilichonisaidia ni kugundua kwamba yale maneno ni safari. Mjumbe anasema tulikwenda hapa, tukafanya hivi, halafu tukaenda pale. Basi nikachukua karatasi nikachora ramani, ukingo wa uwanda ambapo mwili wa Polynices umelala umeshararuliwa na mbwa, wanaomba miungu ipunguze hasira, wanauosha, wanachoma mabaki kwa matawi yaliyokatwa muda uleule, wanainua tuta la udongo, alafu ndo njia ya kwenda pangoni, kwa mbali mtu anasikia kilio, wanakaribia, Creon anaitambua sauti ya mwanae, anawaambia vijana wapenye kwenye mawe yaliyong'olewa wachungulie. Nikaigawa sakafu ya chumba cha mazoezi kila kona ikawa mahali, nikawa natembea nasema. Siku nne tu. Baadaye nikasimama sehemu moja natembea kwa akili tu, miguu imetulia, na maneno yakawa yanakuja yenyewe kwa sababu najua niko wapi.

Na hapo kwenye kuchora ramani ndo niliona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma mara ishirini bila kukiona. Wazee wa mji walimwambia Creon nenda kamtoe binti pangoni, kisha umjengee marehemu kaburi. Binti kwanza. Mjumbe anavyosimulia wao wameanza na maiti! Wameosha, wamechoma, wamejenga tuta, ndo wakaenda kwa mtu aliye hai. Nilipomwambia madam anayetuongoza aliniangalia tu akasema sasa umeanza kuisoma. Mpaka leo sijui kama Sophocles alitaka tumlaumu Creon kwa hilo ama vipi, mi namlaumu.

Haya, maneno ninayo. Nikaingia mazoezini kuonyesha. Jamani. Nilipiga kelele, nikalia, nikifika pale Haemon anapochomoa upanga na mimi nachomoa upanga wa hewani, namkosa baba, najichoma ubavuni, naanguka kwa magoti. Nikainua kichwa naona nusu ya korasi wameziba midomo. Korasi ni lile kundi la wazee wa mji, enzi za Sophocles wanasema walikuwa 15, sisi tulikuwa 6, na wote sita walikuwa wanatetemeka mabega kwa kicheko.

Madam hakufoka. Aliuliza swali moja tu, "Unamwambia nani?"

Nikasema, watazamaji.

Akanyoosha kidole. Pembeni yangu kulikuwa na dada anayecheza Eurydice, mke wa Creon, mama yake Haemon. Huyu Eurydice kwenye tamthilia yote anatokea mara moja tu, ana mistari 9, alikuwa anatoka kwenda kumwomba mungu wa kike Athena, anafungua komeo la mlango anasikia msiba wa nyumba yake, anaangukia mikononi mwa wajakazi, anakuja anasema rudieni hayo maneno, mi si mgeni wa matatizo, nitasikiliza. Basi. Baada ya hapo kazi yake ni kusimama anasikiliza mpaka mwisho. Na yule dada, ambaye mimi nilikuwa namwonea huruma eti amepewa nafasi ndogo kuliko hata yangu, akasema taratibu bila hata hasira, "Tangu tuanze hujaniangalia hata mara moja."

Aisee niliona aibu.

Madam akaleta viti viwili, akatukalisha magoti karibu kugusana, akasema mwambie yeye, kwa sauti ambayo mi nikiwa hapa nisisikie. Nikaanza. Sehemu ya maziko ikapita vizuri, pangoni tukafika, binti amejinyonga kwa kitambaa, kijana amemkumbatia kiunoni analia. Nikafika pale Creon anamwita mwanae atoke, na mwanae anamtazama baba yake kwa macho makali halafu anamtemea mate usoni. Nikanyamaza. Si kwamba nimesahau. Nilishindwa, kwa sababu unamwambiaje mama wa mtu hayo, tena yuko mbele yako anakutazama? Mwanao kafa ni habari moja, mwanao kabla hajafa alimtemea baba yake mate na akamkosakosa kwa upanga ni habari nyingine kabisa.

Ndo nikaelewa kwanini mwanzoni kabisa Mjumbe anamwambia Eurydice kwamba hatapunguza neno, maana ya kumbembeleza kwa uongo utakaofichuka baadaye ni nini. Nilikuwa nayasema yale maneno kama salamu tu. Kumbe ameahidi! Ameahidi kabla hajajua itakuwa ngumu kiasi gani, na sasa kila mstari anaoshuka nao ni ahadi inamkaba. Kuanzia siku hiyo upanga wa hewani niliuacha, machozi niliyaacha, mikono nikaishusha tu. Kazi ikawa kusema lile linalofuata wakati sitaki kulisema.

Tulirudia kwenye viti mara kadhaa, halafu madam akawa anavivuta, hatua moja, tatu, mwisho kila mtu yuko upande wake wa jukwaa na mi natakiwa niwe namwambia yeye yuleyule kwa ukaribu uleule ila mtu wa mstari wa mwisho kabisa asikie. Hii ilichukua muda kuliko kukariri, sitaki kudanganya. Nikiongeza sauti narudi kufoka, nikipunguza sisikiki. Kumbe tatizo halikuwa ukubwa wa sauti, nilikuwa nameza mwisho wa sentensi, naanza na pumzi kubwa nafika mwisho nimeishiwa, na neno lenye habari liko huko mwisho. Nikachukua penseli nikaweka alama kila mahali pa kuvuta pumzi. Kuna na zoezi lingine, unatembea unasema na kila penye alama ya kituo au mkato unageuka uelekeo, ukilifanya utacheka lakini baada ya hapo unajua wazo moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi.

Kitu kilichobaki kuniogopesha ni Mlinzi. Zamani wachezaji watatu tu, wanaume watupu, waligawana nafasi zote, lakini wao walikuwa na vinyago, ukibadili kinyago umekuwa mtu mwingine. Mi nina sura hii moja, na watu watakuwa wameshanicheka nayo. Nikatafuta tofauti kwenye miguu. Mlinzi uzito wake wote uko visiginoni, muda wowote yuko tayari kukimbia, haachi kupapasapapasa nguo. Mjumbe nikamsimamisha kwa nyayo nzima kama aliyepigiliwa. Wote wawili wameleta habari mbaya kwenye nyumba ileile, mmoja anaogopea ngozi yake, mwingine hana cha kuogopa upande wake, anamwogopea anayeambiwa.

Siku yenyewe Mlinzi alikwenda vizuri mpaka nikaanza kufurahia kupita kiasi, nikaongeza mpaka vituko ambavyo havikuwepo, madam alinitolea macho kutoka pembeni. Nikabadili nguo haraka. Naingia kama Mjumbe, sijafungua mdomo, kuna mtu huko nyuma kacheka, amenitambua. Nikasimama tu. Nyayo nzima. Nikasubiri mpaka ukumbi ukatulia, ndo nikaanza.

Kuna kipande nilikiruka, ile sala kwa miungu, nikajikuta niko kwenye kuosha maiti, na sidhani kama kuna aliyejua isipokuwa yule dada anayecheza Eurydice, ambaye hakupepesa jicho. Nikafika penye mate. Maneno yakakwama, na safari hii sikujua ni mimi au ni Mjumbe. Nikamwangalia. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesema malizia. Nikamalizia, upanga, ubavu, damu kwenye shavu jeupe la binti, maiti imelala juu ya maiti.

Baada ya hapo kwenye tamthilia Eurydice anaondoka bila kusema neno hata moja. Kwenye mazoezi alikuwa anageuka anakwenda. Siku ile hakugeuka. Alisimama muda ambao mimi niliuona kama mwaka, nami sina mstari wa kujishikiza, watu wote wale kimya, hata kikohozi hamna. Halafu akaingia ndani taratibu. Kiongozi wa korasi akaniuliza unaonaje hilo, mwanamke kaondoka kimya, nikajibu natumaini anakwenda kulilia ndani mwake, ila na mimi naogopa, na kimya kikizidi kina uzito wake. Nikamfuata.

Sisi tuliamua Mjumbe huyohuyo ndo arudi tena kuleta habari ya mwisho kwa Creon, kwa hiyo nilikuwa na dakika chache tu. Nikamkuta nyuma ya pazia amekaa juu ya sanduku la nguo, ameshavua kilemba, kazi yake imeisha. Akanipa chupa ya maji, nikanywa, akanifuta jasho la shingoni kwa kile kilemba, Creon tayari tunamsikia analia stejini na maiti ya mwanae.

"Haya nenda," akaninong'oneza, "kamwambie nimekufa."