Kopo la Visoda na Darasa Langu la Pili

Semina za usawa wa kijinsia nimekaa nyingi, na ushauri ni uleule: wakalishe mchanganyiko, msichana, mvulana, msichana, usawa utakuja wenyewe. Nafundisha darasa la pili huku Igombe, Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, watoto themanini na kitu, kitabu kimoja kwa watoto watatu. Nikawachanganya kama nilivyoelekezwa. Mvulana katikati ya dawati, kitabu kikawa chake! Wasichana wanachungulia pembeni kama abiria wanaodandia gazeti la jirani kwenye daladala.

Na walikuwa "wanasoma" vizuri, hilo ndilo la kuudhi. Kuna binti alinimalizia ukurasa mzima bila kukwama. Nikamfungulia ukurasa mwingine, akaendelea na hadithi ileile, kituo kwa kituo, macho yapo kwenye picha ya mbuzi ambaye hakuwemo kabisa kwenye hadithi hiyo. Kaikariri kwa masikio. Mtaala wa 2015 uliweka mkazo wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa darasa la kwanza na la pili, lakini utasomaje herufi usizoziona?

Nikatunga sheria: anayeshika kitabu hasomi, kazi yake ni kumwonyeshea mwenzake maneno kwa kidole. Siku chache nikajiona profesa. Kumbe vijana wangu wameshaling'amua: wakawasukumia wasichana kitabu washike wao moja kwa moja. "Madam, huyu anapenda kushika." Anapenda!

Ndipo nikaenda kuomba visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, dukani. Gundi na manila haikufika hata elfu tano, visoda bure. Jina la kila mtoto likakaa ndani ya kisoda chake, vyote kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikilitikisa linapiga kelele, na hata wale wa kudatisha vidole, "Madam mimi! Madam mimi!", wanafyata. Atakayetoka ndiye msomaji, na kisoda chake hakirudi koponi mpaka wote waishe. Aliyemaliza ndiye anayechota kinachofuata na kulisoma jina, hivyo majina ya wenzao wakayajua kwa macho bila mimi kuyafundisha.

Kuna kijana alianza kutoka mara nyingi mno. Nikamwaga kopo mezani: ana visoda vitatu. Viwili kaandika mwenyewe, herufi zimenyooka, hakuna iliyorukwa. Muhula uliotangulia jina lake lilikuwa halimaliziki! Nikamkaripia huku nimegeukia ubao asinione ninavyocheka.

Akitoka msichana anayenong'ona, usimrushie mwingine haraka. Subiri. Darasa litaguna, waache wagune.

Mahudhurio yalinisumbua zaidi. Wasichana walikuwa wanachelewa kwa makundi, wiki fulani wote wapo, wiki nyingine nusu. Anayeishi mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, angeniambia siku ya kwanza: angalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika. Asubuhi baada ya usiku wa giza mzigo unashushwa na kuanikwa, na mikono ya kuanika ni ya mabinti. Nilimfuata bibi mmoja hapohapo kwenye vichanja, nikamwamkia shikamoo, nikajieleza weee. "Marahaba. Mwalimu, dagaa hawasubiri kengele." Nikaacha kubishana. Siku za giza kipindi cha kusoma nakihamishia baada ya uji. Mwalimu mkuu alinung'unikia ratiba yake, kisha akanyamaza. Wavulana waliokesha ufukweni nao wakapata kuamka.

Hadithi nyingine natunga mwenyewe kwenye manila: mama mwenye mtumbwi anahesabu fedha za mauzo, kaka anachota maji ziwani. Kwa huyo kaka walicheka mpaka dawati likasogea. Nikauliza nani alichota maji jana nyumbani kwao. Mikono ya wavulana ikaanza kupanda mmojammoja, kwa aibu.

Kopo hilohilo sasa linapanga hata wa kufagia kila Jumatatu, maana zamani ufagio ulijua njia ya wasichana tu. Baba mmoja alikuja amefura: kijana wake anafagishwa darasa kwa nini? Nikampa kopo, nikamwambia, "Baba, karibu, chota mwenyewe." Akachota, akasoma, akanirudishia bila kusema neno. Kilikuwa cha mwanawe tena.